Fowili ya Kuchomelea

Ukitaka kujua msomi wa mjini anamwonaje fundi, mtajie pikapu kuukuu ya kuvuta nyuma iliyogeuzwa fowili. Kwanza atacheka. Kisha atauliza kama imeshaua mtu. Akiona hucheki naye, atakupa ushauri ambao hukumwomba: "Sasa si wangenunua Land Cruiser tu?"

Hapana, wasingenunua. Anayeshusha kabichi na karoti kutoka milima ya Mgeta hadi Morogoro mjini hana bei ya Land Cruiser. Alichonacho ni Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, injini ya dizeli isiyo na kompyuta, inayovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Kiangazi inapanda popote. Masika ikiingia, nyuma inateleza, mbele inasukumwa kama toroli, na mzigo unaozea njiani. Kuagiza fowili kutoka Japani nako kuna mlango mwembamba: Kenya imepiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania inaruhusu ila inalitoza gari kongwe ushuru wa ziada. Kwa hiyo mwenye pikapu anatafuta ekseli ya mbele, giaboksi na transfa kutoka kwenye fowili iliyopinduka mahali fulani, anampelekea fundi, na baada ya wiki kadhaa gari lilelile linapanda mlima uleule kwa magurudumu manne.

Ninachodai hapa ni rahisi kukisema, kukikubali ndiyo shughuli: hiyo ni kazi ya uhandisi, na ihukumiwe kama uhandisi unavyohukumiwa, kwa vipimo. Isichekwe, na isisifiwe ovyo. Wanaoicheka na wanaoisifu wananiudhi sawasawa, kwa sababu hakuna kati yao anayelala chini ya gari kuangalia.

Niwaanze wanaocheka.

Hao husema gari limetoka kiwandani limekamilika, na fundi wa gereji ya mabati hana mamlaka ya kumsahihisha Mjapani. Wanaheshimu kitu ambacho hawajui kimetoka wapi. Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na kwa miaka kama kumi ilikuwa ya kuvuta nyuma tu. Fowili ilikuja mwaka 1979, pale Toyota walipoipa pikapu yao ekseli nzima ya mbele iliyokaa juu ya springi za bapa, na transfa nyuma ya giaboksi. Ukikipitia kifungu hicho polepole utaona ndiyo orodha ileile ya spea anazoagiza fundi wa Morogoro.

Marekani habari ni ya zamani zaidi. Miaka ya 1930 kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis ilikuwa ikichukua malori ya Ford yanayovuta nyuma na kuyafunga ekseli ya kuvuta mbele. Miaka ya 1950 kampuni ya NAPCO ya Minneapolis iliuza seti kamili ya vifaa vya kugeuza pikapu za Chevrolet na GMC. Ilikuwa ni biashara ya spea: mkulima ananunua seti, inafungwa, na akiuza gari anaweza kuifungua na kuihamishia kwenye gari lake jipya. Mwaka 1957 Chevrolet wakaanza kuiuza ikiwa imefungwa tayari kutoka kiwandani. Yaani gereji ilitangulia, kiwanda kikafuata. Anayesema kugeuza pikapu ni ushamba wa Kiafrika anawatukana wakulima wa Minnesota bila kujua.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Nenda Arusha. Kule kuna gereji ambazo kazi yake ni kuikata Land Cruiser katikati, kurefusha chesisi, kuongeza viti, na kufungua paa liinuke ili mtalii asimame. Hakuna anayecheka. Gari lile linapigwa rangi ya ugoro, linabandikwa jina la kampuni, na mgeni analipia kwa dola kupanda humo. Chesisi ikikatwa ili Mzungu ampige simba picha, linaitwa gari la safari. Chesisi ikiongezewa vishikizo vya springi ili kabichi zifike sokoni, unaitwa uchakachuaji. Nimejaribu kutafuta tofauti ya kihandisi kati ya hizo mbili na ninayoiona ni tofauti ya abiria.

Sasa tulale chini ya gari.

Hilux ya kuvuta nyuma ya miaka ile na fowili ya miaka ileile zinafanana kwa kabati na kwa injini. Mbele ni viumbe wawili. Ya kuvuta nyuma, kila gurudumu la mbele linajitegemea, likishikiliwa na mikono miwili ya chuma na kupewa unyumbufu na vyuma virefu vinavyojinyonga kando ya chesisi. Hakuna nafasi ya hafu shafti kupita. Kwa hiyo mbele yote inaondolewa, na chesisi inabaki uchi. Hapo ndipo fundi mzuri anapotengana na fundi mbaya. Vishikizo vya springi lazima vikae mahali ambapo ekseli itakuwa katikati ya tundu la madigadi, iwe sambamba na ekseli ya nyuma, na isiegemee upande. Fundi mbaya anakadiria kwa macho na kuchomelea. Fundi mzuri anavuta kamba kutoka ekseli ya nyuma, anapima kona kwa kona mara mbili, anashikiza kwa nukta chache za weldi, anashusha gari likae kwa uzito wake, anapima tena, ndipo anachomelea moja kwa moja. Tena hachomelei kukatiza chesisi kwa upana, maana moto unakifanya chuma kiwe dhaifu kwenye mstari ule, na siku ya siku kinachanika hapohapo. Anaweka kipande cha bamba, anakichomelea kwa urefu, na anapoweza anafunga kwa bolti.

Kisha usukani. Ekseli mpya inataka boksi la usukani lililokaa mahali tofauti na mkono unaosukuma kwa mwelekeo tofauti. Mkono huo ukiwa na mwinamo usioendana na mwendo wa springi, kila gurudumu likipanda jiwe gari linajikatia kona lenyewe. Dereva anadhani ni barabara mbovu. Huo ni upotofu wa jiometri, na hauponi kwa kubadilisha tairodi kila mwezi.

Propela ya nyuma inafupishwa kwa sababu transfa imekula nafasi. Anayeikata na kuiunganisha lazima ahakikishe midomo ya krosi, wa mbele na wa nyuma, imekaa kwenye mstari mmoja. Ikipishana, propela inazunguka kwa kurusharusha, na mwenye gari ataanza kulalamika kuhusu beringi, raba za injini, hata meno yake mwenyewe.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho kinaonyesha kwamba hii ni hesabu kabla ya kuwa nyundo, ni uwiano wa difu. Difu za Hilux zina uwiano mbalimbali. Moja ina krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10: propela inazunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara 1. Nyingine ina meno 41 kwa 9, yaani karibu 4.56. Ukiziona sakafuni zimepakwa grisi, ni mapacha. Sasa mtu afunge 4.1 mbele na 4.56 nyuma. Transfa ya gari hili haina difu ya katikati. Ukiingiza fowili inazilazimisha propela zote mbili zizunguke sawasawa. Nyuma ikienda mita 100, mbele inataka kwenda mita 111. Matopeni hutajua, kwa sababu tope linasamehe: gurudumu linateleza kidogo na mambo yanaendelea. Ukifika kwenye ardhi kavu ngumu na fowili bado imeingia, vyuma vinavutana hadi kimoja kikubali kufa. Inaweza kuwa krosi, hafu shafti, au jino ndani ya transfa.

Namna ya kulijua hilo haihitaji maabara. Zuia magurudumu kwa mawe, weka giaboksi huru, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuacha jingine chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo hewani mizunguko 2 kamili na uhesabu propela. Ikizunguka mara 4 na kidogo, ni ya 41 kwa 10. Ikizunguka mara 4 na nusu na ushee, ni ya 41 kwa 9. Mizunguko ni 2 na si 1 kwa sababu gurudumu jingine limesimama, na difu inagawa. Fundi anayefanya hivyo anaijua difu kutoka ndani. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa difu kwa kuchora mchoro wake hajui lazima kwamba angeweza kuihesabu kwa chaki.

Wanaosifu nao wana hesabu yao ya kujibu.

Hawa ni wenzangu zaidi, kwa hiyo nitakuwa mkali zaidi. Ni sisi tunaopiga picha pikapu iliyoinuliwa, tunaiweka mtandaoni, tunaandika kitu kuhusu ubunifu wa Mwafrika, halafu tunaondoka. Hakuna anayeuliza habari za breki. Sifa ya namna hiyo ni ile anayopewa mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano: inatolewa na mtu ambaye hakutarajia chochote. Ukimheshimu fundi kweli utamuuliza maswali magumu, kama unavyomuuliza daktari kabla hajakupasua.

Mimi ningeanza na mipira ya breki. Gari limeinuliwa, gurudumu sasa linaning'inia chini zaidi likiingia kwenye shimo, na mpira ni uleule wa zamani. Siku moja unavutika hadi unachomoka. Swali la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Hilux nyingi zina vali ndogo ya breki karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukiongezeka bodi inashuka, fimbo inaisukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ni akili ya kizamani, haina umeme, inafanya kazi. Sasa inua bodi kwa springi zilizoongezewa mabapa na usiiguse ile fimbo. Vali itaamini gari ni tupu hata likiwa na magunia hadi juu. Breki za nyuma zitapewa nguvu ya gari tupu, na za mbele zitabebeshwa kazi yote, kwenye mteremko wa Mgeta, na juu ya magunia wamekaa watu. Gari lile limepanda mlima vizuri na kila mtu amepiga makofi. Kushuka ndiko kulikokuwa na mtihani.

Kuna mafundi wanaoijua fimbo hiyo na wanairekebisha. Kuna wanaoikata na kuitupa. Kwa nje magari yao yanafanana, yote yanasifiwa, na yule aliyefanya kazi sahihi hana namna ya kuonyesha kwamba bei yake ya juu ina sababu. Sifa zetu za jumla zinamfilisi fundi mzuri.

Na wapo ambao hawahitaji fowili kabisa, niseme hilo pia. Kijana wa mjini ambaye matope yake ni ya kuosha gari Jumamosi anataka urefu, anataka tairi nene, anataka kuonekana. Apewe anachotaka, pesa ni zake, ila asiingie kwenye hoja hii. Hata huko mashambani pikapu nyingi zingetulia kwa tairi zenye meno ya kweli na mzigo uliopangwa juu ya ekseli. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo na kukosa kazi.

Serikali zetu zimewahi kulipenda gari, ila zilipenda gari jipya kabisa, lenye jina na sherehe. Mwaka 1986 Rais Moi aliitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa, kisha hazikufika sokoni. Tanzania ilikuwa na lori la Nyumbu la Kibaha, chini ya jeshi. Sizidharau juhudi hizo. Waliozifanya walijifunza mambo mengi. Ila wakati tukisubiri gari la taifa, maelfu ya maamuzi ya kihandisi yalikuwa yanafanyika kila wiki chini ya miembe, kwenye magari yaliyopo, na hakuna chuo kilichotuma mtu na daftari.

Matokeo yake yako kwenye karatasi. Kadi ya gari inalijua gari kwa namba ya chesisi na ya injini. Askari barabarani anauliza leseni, bima, taa, tairi, stika. Mwinamo wa mkono wa usukani sijawahi kusikia ukiulizwa. Mwenye pikapu iliyogeuzwa anajifunza kunyamaza, na ukimya huo una gharama: mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli, na badiliko kubwa ambalo hukulitaja linampa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa siku unapomhitaji. Wapo pia wanaoona kazi yote hii ya nini, wanachukua chesisi nzima ya fowili, wanaweka juu yake kabati la gari jingine, na kuhamisha namba. Kimakanika ni salama zaidi kuliko kuchomelea. Kisheria ndiyo njia ileile ya mwizi wa magari. Mfumo unaotazama namba peke yake unamweka fundi halali na mwizi kwenye benchi moja, halafu unashangaa kwa nini fundi anafanya kazi nyuma ya uzio.

Uingereza, ambako watu wanageuza magari kwa mapenzi tu, kwa miaka mingi walitumia hesabu ya pointi. Chesisi ya asili pointi 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani 2 kwa kila kimoja, injini 1. Gari likibaki na pointi 8 linahifadhi usajili wake. Likipungukiwa linapelekwa kukaguliwa upya, kipande kwa kipande. Pikapu yetu yenye chesisi iliyochomelewa ingefeli hesabu hiyo bila ubishi. Lakini angalia kufeli kwake kunaipeleka wapi: kwa mkaguzi mwenye jeki na orodha ya vipimo. Australia nako kuna kanuni za kitaifa za kugeuza magari madogo na wahandisi wanaotia sahihi baada ya kupima. Sidai tunakili fomu zao. Ninadai mlango uwepo, ili mtu aliyefanya kazi vizuri awe na mahali pa kugonga.

Najua jibu la wakubwa: mlango huo utageuka dirisha la rushwa. Huenda. Hata hivyo leo rushwa ipo na vipimo havipo. Mimi ningechagua angalau kimoja kati ya viwili kiwepo kwa faida ya abiria.

Tena muda haungoji. Ekseli za mbele za kipande kimoja zilizokaa juu ya springi za bapa zinaisha. Hilux fowili za kuanzia kati ya miaka ya 2000 mbele zina magurudumu yanayojitegemea, na vipande vyake haviingii kwenye chesisi ya zamani kwa kuchomelea vishikizo viwili. Mafundi wanaojua kazi hii nao wanazeeka, na wanachokijua kimeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa gereji, ambao utapakwa rangi.

Huku juu kwenye shahada za uzamili tunaandika tasnifu juu ya springi za gari ambalo halipo, linaloendeshwa ndani ya programu, kwenye barabara ambayo pia haipo. Zinapita, zinajalidiwa, zinapangwa rafuni. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayehangaika kutafuta mada ya mradi, mada ni hii: vali ya breki ya nyuma ya Hilux iliyoinuliwa. Springi ikiongezewa bapa 1, 2, 3, fimbo irefushwe kiasi gani ili mzigo uleule uipe vali nguvu ileile? Geji ya presha inafungwa kwenye paipu la breki, magunia yanapimwa kwa mzani wa kawaida wa gulioni, matokeo yanaingia kwenye jedwali moja la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, linaloweza kubandikwa ukutani. Gari utapewa siku ya Jumapili, kwa kuwa siku nyingine liko kazini. Jedwali likikamilika, acha nakala kwa fundi kabla hujampelekea msimamizi wako.